Gari la Dawa Lisirudi Tupu

(Hotuba iliyosomwa na katibu wa mojawapo ya Vyama vya Msingi, mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Nimepewa heshima kubwa leo, nami naipokea kwa shukrani na kwa hofu kidogo. Wasemaji walionitangulia wamesimulia habari njema za ghala, mizani, na fedha zilizofika mikononi mwa wakulima kwa wakati wake. Mimi nimeombwa niseme habari za kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu apendaye kukitazama mara mbili, nacho ni chupa tupu ya dawa ya pamba. Nilipomweleza mzee mmoja wa chama chetu kwamba hotuba yangu ya sherehe itahusu takataka, alicheka sana, akaniuliza, "Mwanangu, ng'ombe wote waliochinjwa leo, wewe umepewa kwato?" Nikamjibu kwamba ndiyo, Mzee, nimepewa kwato, wala sikulazimishwa; niliziomba mwenyewe.

Niruhusuni nianze na kosa langu, maana afadhali mtu ajishitaki kuliko kushitakiwa. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya ukatibu, wanachama walinijia wakasema kwamba chupa za dawa zimezagaa mashambani na watoto wanazichezea. Nikatoa tangazo kwa fahari kubwa: leteni chupa zote katika ghala la chama. Wakaleta. Walileta kwa magunia, kwa baiskeli, na kwa mikokoteni ya ng'ombe, hata nikashangaa wingi wake. Nami sikuwa nimejiuliza swali moja dogo: zikisha kufika hapa, zitakwenda wapi? Nilizirundika nyuma ya ghala chini ya mwembe, nikaziwekea ua wa miiba, nikaandika barua mjini kuomba gari. Baada ya muda lilikuja jibu kwamba ombi langu limepokelewa. Gari halikuja. Mvua zikanyesha, ua ukaoza, na kila nikipita hapo niliona rundo limepungua kidogo. Mimi, kwa ujinga wangu, nilifurahi kwamba linapungua.

Siku moja nikaenda mnadani kununua chumvi. Mama mmoja alikuwa amepanga chupa zake juu ya kipande cha turubai, anauza mafuta ya pamba. Chupa zilikuwa zimesuguliwa kwa mchanga mpaka zikang'aa, na karatasi zake zimebanduliwa. Lakini nilizitambua kwa umbo la shingo na kwa rangi ya kifuniko, kwa kuwa mimi ndiye niliyezipokea kutoka garini na kuzigawa kwa mkono wangu. Nilizinunua zote alizokuwa nazo, chupa 9, kisha nikamweleza sababu. Mama yule hakunikasirikia. Aliniuliza tu, "Kama ni sumu, mwanangu, mbona mliziweka pale nje?" Sikuwa na jibu. Tena akaniambia kwamba nyingine amekwisha kuziuza minada iliyopita, naye hakumbuki zimekwenda nyumbani kwa nani.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja, nalo ndilo lililonileta mbele yenu: mahali pa kukusanyia chupa pasipokuwa na gari la kuziondoa ni mtego tuliowategea jirani zetu. Basi tusipange habari ya mahali kabla ya kupanga habari ya gari.

Haya siyasemi kwa kutishana bure. Nchini Benin, katika jimbo la Borgou, msimu wa pamba wa 1999/2000, taarifa za serikali zilihesabu watu wasiopungua 37 waliokufa kwa sumu ya dawa ya pamba iitwayo endosalfani. Wengine walikula chakula kilichoguswa na dawa, na vyombo vitupu vilivyotumiwa tena nyumbani vilitajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2011 dawa hiyo iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, ambao mataifa yamekubaliana kuzikomesha sumu zisizooza upesi. Dawa ile imeondolewa; desturi ya kutumia chupa tupu haikuondoka nayo. Katika nchi yenye uhaba wa vyombo, chupa nene yenye kifuniko kizuri ni mali, na mtu hatupi mali.

Tutazame basi sisi wenyewe tunavyofanya. Kila mwaka baada ya mavuno twatakiwa kung'oa mashina ya pamba na kuyachoma, ili wadudu wasipate makao ya kungojea msimu mwingine. Amri hiyo ni njema, na asiyeifuata huwaponza jirani zake wote. Lakini wengi wetu, tunapowasha moto ule, huzitupia chupa humo humo, tukidhani tumefanya kazi mbili kwa kibiriti kimoja. Moto wa mashina ni moto wa haraka. Hauna joto la kutosha kuivunja sumu, bali huipandisha hewani pamoja na moshi wa plastiki, na yule anayechochea, ambaye mara nyingi ni mama au kijana, ndiye anayeuvuta. Tanuri lifaalo kwa taka za namna hii hutakiwa kupita nyuzi 1,000 za joto, nayo malighafi katika tanuri la saruji huchomwa mpaka nyuzi 1,450 hivi. Mashina ya ekari nzima hayafiki huko, hata tukiyarundika mpaka juu ya paa.

Wako wanaofukia. Hao nawapa pole, kwa maana plastiki haiozi, na plau ya mwaka ujao huifufua. Wako wanaotupa makorongoni, na mvua ya kwanza huwasaidia kuificha aibu yao. Sisi tulio katika bonde la Simiyu twajua mto wetu uendako: waingia Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, na huko wako ndugu zetu wanaovua, wanaooga na kunywa.

Mtu aweza kuuliza, kama kijana mmoja alivyoniuliza, mbona chupa za maji na za soda siku hizi zina wanunuzi wanaopita na magunia mpaka vijijini, na chupa ya dawa isiuzwe vivyo hivyo? Plastiki yake ni nzuri tena ni nene kuliko hizo. Jibu ni kwamba mnunuzi mwaminifu akiona alama ya sumu huikataa, na asiye mwaminifu huichanganya na nyingine. Plastiki ikisha kuyeyushwa haina tena alama wala jina. Yaweza kurudi kwetu ikiwa ndoo ya maji, au bakuli la uji wa mtoto. Ndiyo sababu chupa hizi zahitaji njia yake peke yake, tangu shambani hata mwisho wa safari.

Njia hiyo huanzia mikononi mwa mkulima, na hapa hakuna gari wala sheria iwezayo kumfanyia kazi yake. Chupa ikisha kumiminwa ndani ya bomba, na ishikwe kichwa chini kwa nusu dakika mpaka iache kudondoka. Kisha itiwe maji safi kadiri ya robo yake, ifungwe kifuniko, itikiswe kwa nguvu kwa nusu dakika nyingine, na maji yale yamiminwe ndani ya bomba lile lile. Hivyo mara 3. Mwisho chupa itobolewe kitako ili isifae tena kutiwa kitu. Maji ya kusuuzia yasimwagwe chini, kwa maana hayo ni dawa iliyolipiwa. Nimewahi kumwona mtu akilalamikia bei ya dawa huku akiimwaga kando ya miguu yake.

Kwa nini mara 3? Mimi ni mtu wa hesabu, basi niruhusuni. Tuchukue mfano wa chupa ya lita 1. Tuseme baada ya kudondoka zimebaki mililita 10 za dawa zilizoshika pembeni. Tukitia maji mililita 240, dawa iliyomo imekuwa sehemu 1 katika 25. Tukimimina zikabaki tena mililita 10 za maji hayo hafifu, kisha tukatia maji mara ya pili, imekuwa sehemu 1 katika 625. Mara ya tatu, ni sehemu 1 katika 15,625. Karani yeyote wa mizani aliyepo hapa aweza kuihakikisha hesabu hii juu ya kiganja chake. Lakini kazi hii ifanywe pale pale shambani, dawa ingali majimaji. Ikisha kukauka ndani ya chupa, maji hayaiondoi vema. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wao wa mwaka 2008, walishauri kwamba chombo kilichosuuzwa sawasawa kihesabiwe kuwa si taka ya hatari. Kwetu maana yake ni gharama: taka ya hatari husafirishwa kwa kibali na kwa gari maalumu, na hugharimu mara nyingi zaidi.

Najua mtakaloniambia: maji. Kina mama ndio wayabebao, na kisima kiko mbali. Lakini bomba la mgongoni lahitaji maji kabla ya kupulizia, na hayo yamekwisha kuletwa shambani. Maji ya kusuuzia na yachotwe katika ndoo ile ile, yaingie katika bomba lile lile. Hayaongezi safari hata moja ya kisimani.

Sasa nije kwenye kazi ya ushirika. Mkulima mwenye ekari 3, akipulizia mara 4, na kila ekari ikatumia chupa ndogo moja kila mara, mwisho wa msimu ana chupa 12. Chupa 12 hazimpeleki mtu popote. Hakuna tanuri litakalozipokea, wala kiwanda kitakachomjibu barua, na nauli ya kuzipeleka mjini yashinda bei ya kuku. Huko nyuma tuliambiwa kwamba liko pipa mjini na kwamba anayependa usafi azipeleke huko. Waliosema hivyo walikuwa na nia njema, lakini sikumwona mkulima hata mmoja aliyefunga safari ya siku nzima kupeleka chupa 12. Nisingekwenda mimi pia. Walakini chama cha wakulima 400 wa namna hiyo kina chupa 4,800, na Chama Kikuu chenye vyama 20 vya namna hiyo kina chupa 96,000. Huo ni mzigo, na penye mzigo wenye magari huja wenyewe.

Wazee mliopo hapa mwaijua hoja hii kuliko mimi, kwa sababu ndiyo iliyozaa ushirika wa pamba katika nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima mmoja mmoja alisimama mbele ya mizani ya mnunuzi, akaona pamba yake inapungua uzito kati ya bega lake na karatasi, wala hakuwa na la kufanya. Wakulima wakaungana, wakaweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikuu viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoongozwa na Paul Bomani. Mizani haikubadilika kwa sababu mkulima mmoja alilia sana. Ilibadilika kwa sababu waliokuwa na kilo kumi kumi walikuja wakiwa na maelfu ya robota.

Tena hatutakuwa wa kwanza duniani kuutumia ushirika kwa kazi hii ya chupa. Huko Brazili, katika mji wa Guariba jimbo la São Paulo, kituo cha kwanza cha kupokea vyombo vitupu vya dawa kilifunguliwa katika miaka ya 1990 pamoja na ushirika wa wakulima wa miwa uitwao Coplana. Mwaka 2000 nchi ile ilitunga sheria: mkulima arudishe chombo kilichosuuzwa katika muda wa mwaka mmoja tangu aliponunua, muuzaji aonyeshe katika risiti mahali pa kurudishia, na mtengenezaji abebe wajibu wa kukiondoa na kukimaliza. Mwaka 2002 watengenezaji wakaanza kazi hiyo kwa chombo chao kiitwacho inpEV, na tangu hapo wamekwisha kuondoa zaidi ya tani 700,000. Plastiki iliyosuuzwa hutengenezwa mabomba ya kupitishia nyaya za umeme na vyombo vipya vya dawa. Haifanywi ndoo wala sahani. Wakulima wa Brazili wana mashamba makubwa kuliko yetu na barabara nzuri kuliko zetu, wala sisemi tuige kila kitu. Lakini mtaona kwamba mzigo ule umegawanywa kwa watatu, wala hakuna aliyeachiwa peke yake.

Karibu na kwetu liko jambo la kuogopesha ambalo kila mwenye ghala yampasa kulijua. Huko Vikuge, wilaya ya Kibaha, palikuwa na banda la dawa zilizoletwa kutoka nje miaka ya 1980, baadhi yake zikiwa zimekwisha muda. Dawa zilikaa. Banda liliporomoka. Hata baada ya dawa kuchimbuliwa na kuondolewa, wataalamu waliopima walikuta DDT nyingi katika udongo na katika maji ya visima vya karibu, wakaichapisha habari hiyo mwaka 2004. Waliozipokea dawa zile hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Walikuwa na banda, na hawakuwa na gari. Nami nikikumbuka ule mwembe nyuma ya ghala letu, naona kwamba nilikuwa nimeanza kujenga Vikuge yangu ndogo.

Basi naleta pendekezo langu. Gari linaloleta dawa ya msimu mpya hufika katika kila Chama cha Msingi, hushusha mzigo, kisha hurudi mjini likiwa tupu. Nataka gari hilo lisirudi tupu. Likishusha dawa za msimu huu, lipakie chupa za msimu uliopita, na safari imekwisha kulipwa. Hili laweza kufanyika kwa sababu sisi hatununui dawa chupa moja moja dukani. Twanunua pamoja, kwa mkataba, na katika mkataba mnunuzi mkubwa huweka masharti. Sharti liwe hili: atakayetuuzia dawa ndiye atakayeziondoa chupa, kwa kibali kinachotakiwa, naye atatuletea hati inayoonyesha zilikopelekwa na zilivyomalizwa. Ndugu zetu wa Kenya wamekwisha kuingiza wajibu wa watengenezaji na waingizaji wa bidhaa katika sheria yao ya taka ya mwaka 2022. Sisi hatuna haja ya kungoja. Muuzaji asiyekubali sharti hilo akose zabuni yetu.

Wako watakaosema kwamba muuzaji ataiongeza gharama hiyo katika bei. Kweli, ataongeza kidogo, na si haki kuwaficheni. Lakini gharama ile hata leo iko, ila inalipwa na wanunuzi wa mafuta pale mnadani, wasiojua kwamba wanailipa.

Kuhusu mahali penyewe katika kila chama, sitasema mengi, maana fundi yeyote atawafahamisha. Kiwe kibanda kidogo cha wavu wa chuma chenye paa, sakafu ya saruji yenye ukingo ili kitakachovuja kisitoke nje, kufuli moja, na funguo kwa watu wawili. Kiwe mbali na kisima, na mbali na ghala la pamba na la chakula. Kuna mwanachama aliyetoa shauri, kwa nia njema, kwamba chupa zishindiliwe kwa mtambo wa kufungia robota kiwandani, ili gari lisibebe hewa. Shauri la kushindilia ni jema, maana gunia la chupa ni jepesi kama gunia la majani makavu, na gari hujaa kabla halijapata uzito. Lakini mtambo ule hufunga pamba itakayofumwa nguo za watu. Tutafute njia nyingine, hata kama ni kuzikanyaga kwa viatu vizito baada ya kutobolewa na kukauka, mkanyagaji akiwa amevaa glavu.

Neno gumu zaidi ni hili: mkulima atavutwaje kurudisha? Katika kamati tuligombana jambo hili jioni mbili, na si vibaya mkajua jinsi tulivyogombana. Wa kwanza walisema tulipe fedha taslimu kwa kila chupa. Nilikataa, na nakataa hata sasa. Siku tutakapoweka bei juu ya chupa, watoto wataingia mashambani kuziokota, zisizosuuzwa, kwa mikono mitupu, nasi tutakuwa tumewaajiri pasipo kuwaandika. Wa pili walisema asiyerudisha chupa asipewe dawa mpya. Hoja hiyo ina nguvu, na baadhi ya waliopo hapa waipenda. Lakini funza wa vitumba hasomi daftari la chama. Tukimnyima dawa mkulima mmoja mzembe, wadudu watakaostawi shambani mwake watavuka mpaka wakale pamba ya jirani aliyerudisha chupa zake zote.

Tulilokubaliana mwishoni ni la kiasi. Karani anapogawa dawa aandike idadi ya chupa katika kitabu cha mwanachama, kama aandikavyo kilo za pamba. Zikirudi, zimesuuzwa na kutobolewa, aandike pia. Mwanachama aliyerudisha zote apate punguzo dogo katika hesabu yake ya pembejeo, si fedha mkononi. Chupa zipokewe kwa mwanachama mwenyewe au mtu mzima aliyetumwa naye, na mtoto akija na gunia arudishwe kwa upole, naye mzazi aitwe. Isiyosuuzwa isikataliwe, kwa sababu ikikataliwa itarudi korongoni. Itiwe katika pipa la peke yake lenye alama, ijulikane kuwa ni ya hatari na isafirishwe hivyo. Na majina ya walio na upungufu yasomwe katika mkutano wa mwaka. Nawajua watu wetu. Kusomwa jina mbele ya shemeji na wakwe ni adhabu ya kutosha.

Baadhi yenu mtauliza habari za taka nyingine zisizokuwa na pa kwenda: betri za tochi, betri kubwa za umeme wa jua, taa zilizoungua, oili chafu ya pikipiki. Sisi tuliosoma shule za zamani twakumbuka ubao uliopakwa unga mweusi wa betri, nasi tuliupondaponda kwa mikono yetu wala hatukujua kitu. Naam, hizo nazo zataka njia. Lakini kila moja ina mwisho wake: betri kubwa ina risasi ndani yake na mnunuzi wake ni mwingine kabisa, oili ni nyingine. Tukivikusanya vyote siku moja katika kibanda kimoja, tutakuwa tumerudi chini ya mwembe. Tuanze na chupa, ambazo sisi wenyewe ndio tulioziingiza kijijini kwa mkono wa ushirika. Mengine yafuate moja moja, kila moja kwa siku ambayo gari lake limepatikana.

Bwana Mwenyekiti, leo jioni wajumbe watapiga kura juu ya hoja namba 7. Yataka mambo mawili tu: kwanza, kwamba kuanzia zabuni ijayo ya dawa, sharti la kuondoa chupa liandikwe katika mkataba, pili, kwamba Vyama vya Msingi 3 vilivyo kando ya barabara kuu vianze, na vingine vifuate gari likisha kuja mara ya kwanza. Nasema likisha kuja, wala si likisha kuahidiwa. Hivyo vingine visipokee hata chupa moja kabla ya hapo. Wanachama wao wasuuze, watoboe, na waziweke mahali pa kufungwa nyumbani, mbali na watoto na chakula, mpaka waitwe. Nimewasikia wengine wakisema kwamba mwendo huu ni wa kobe, na kwamba Chama Kikuu chenye miaka 10 chapaswa kufungua vituo vyote kwa siku moja, na wageni waalikwe wakate utepe. Mimi nimekwisha kufungua kituo kwa siku moja. Nawaomba wajumbe waikatae fahari hiyo.

Wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndio wenye neno la mwisho juu ya namna ya kuvishughulikia vyombo hivi, na hoja yetu yasema wazi kwamba kazi haitaanza kabla ya kupata ushauri wao kwa maandishi.

Kuhusu zile chupa 9 nilizozinunua mnadani, ninazo mpaka leo, zimefungwa katika pipa ofisini kwangu, na ufunguo ninao mfukoni. Sikuwa na mahali pa kuzipeleka. Hoja ikipita na gari likija, ndizo zitakazopakiwa za kwanza, na nimemwomba yule mama aje ashuhudie. Amekubali.

Baada ya chakula, watakaopenda kuona jinsi ya kusuuza na wakutane nasi nyuma ya ukumbi, upande wa magharibi. Bomba liko, maji yamekwisha kuchotwa, na tutatumia chupa iliyotiwa maji ya rangi badala ya dawa, ili kila mmoja ajionee mwenyewe rangi inavyopotea mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Makarani wa mizani nawaomba wafike wote, maana wao ndio watakaoulizwa.